Unga Ulioangukia Bloku Yangu

Kwako Mama Mkwe uheshimiwaye,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu, na kwamba barua hii itakukuta umekaa, maana si ya kusomwa kwa kusimama.

Mama, nimevumilia mengi, ila sasa maji yamenifika shingoni. Namshtaki kwako binti yako, mke wangu. Kama ujuavyo, gari aliloniachia marehemu Baba Mkwe ni lile ambalo injini yake hupozwa kwa upepo, halina rejeta. Niliapa msibani kwamba nitalifufua nije kukuchukua nalo, tena kwa mbio. Kwa sasa limekaa juu ya matofali na kuku wa jirani wanataga kwenye kiti cha dereva, lakini kiapo ni kiapo. Ili injini ibebe pistoni kubwa, nilinunua bloku iliyotumika, yaani ule mwili wa injini unaoshika kila kitu, mchonga vyuma akaipanua matundu, nami naiandaa kwenye meza ya chakula. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anadai bloku si mgeni, isikae mezani. Watoto wameshazoea kula sakafuni, na yule mdogo huiamkia kila asubuhi. Katika nyumba hii asiyeipenda ni yeye tu.

2. Amenifungia oveni. Vizibo vya njia za oili vikigoma, bloku hupashwa moto ndipo vikalegea, kila fundi anajua. Nilipoiingiza, oveni ilikuwa tupu kabisa. Kwamba keki ya harusi iliyookwa baadaye ilinukia gereji, hilo ni suala la madirisha. Sikatai kwamba keki anazouza ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Lakini keki huliwa ikaisha, Mama. Injini hubaki.

3. Brashi ya chupa ya mtoto. Chenga moja ya chuma ikibaki kwenye njia za oili, injini nzima imekufa, na ile brashi inapita humo vizuri mno. Mtoto alikuwa karibu kuacha chupa. Jambo hili naomba tusiliendeleze.

4. Hili la leo ndilo lililonimaliza. Asubuhi nimeiosha bloku ndani kwa mafuta ya taa, nje nimeipangusa ikakauka ikang'aa, na mimi nikasogea pembeni kuitazama. Binti yako akaja kuchekecha unga wa ngano kwenye meza hiyo hiyo, na unga ukaifunika yote! Nilifoka hadi jirani akazima redio. Yeye akaniuliza tu, "Baba watoto, hilo lichuma umelikagua nyufa kama yule mchonga vyuma alivyokwambia?" Nikamkumbusha kwamba macho ya mji huu mzima napima mimi, miwani wanaandikiwa na mimi, na ufa hauwezi kunipita. Akasema kesho jua likizama, ama litoke lichuma ama atoke yeye na oveni yake.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba kwa unyenyekevu umwite kwako, yeye na oveni, mpaka injini ikamilike. Upande wake wa kitanda hautakaa bure, kwani bloku haipendi unyevu. Watoto wachague wenyewe wa kumfuata, ingawa najua watafuata oveni. Naandika nikiwa na hasira, na pia na njaa, maana leo hakuna aliyeniita mezani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mashemeji wakubwa kwa wadogo, na yule shangazi asemaye kwamba sijawahi kumaliza nilichoanza. Mwambie barua nimeimaliza.

Ni mimi mkweo mwenye kudhulumiwa,
Mpima Macho

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kuupangusa ule unga. Mama, kwenye unga kuna mstari uliolowa, urefu wa kidole, nyuma ya tundu la silinda ya tatu. Mafuta ya taa yamepenya kutoka ndani na unga umeyaumbua. Mchonga vyuma alinieleza njia hiyo hiyo, kwa vumbi la chaki, nami nikamcheka. Ufa huo nimeupiga msasa kwa mikono yangu miwili na sikuuona. Ungefunguka kwenye mlima wa kwanza, nawe umekaa kiti cha mbele na nguo yako mpya. Nimeogopa, Mama.

Basi usimwite, nakusihi. Bloku nimeitoa mwenyewe, iko nje na wale kuku, na meza nimeiosha kwa sabuni. Barua naituma hivyo hivyo ili ujue ulimwoza binti yako kwa mtu wa namna gani. Nilipomwonyesha ule mstari alinikatia kipande cha keki. Bado kinanukia oili kidogo. Nimekila chote.