Kitufe Chekundu na Ukimya wa Kalervo

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu Outi amekuja na mikate ya iliki na hukumu. Eti baba, tangu uingize gari mtaroni sipati usingizi. Jumapili nipe funguo. Funguo zangu! Nikamweleza kwa upole kwamba gari hili likigonga kitu hupiga simu lenyewe kwa waokoaji na kuwaonyesha lilipo. Ukizidiwa, kuna kitufe chekundu kwenye dari la gari cha kuwaita mwenyewe. Akajibu gari lina akili, wasiwasi wake ni dereva. Adabu za siku hizi! Tumepatana: nikileta shahidi kwamba naendesha vizuri, funguo zinabaki.

Jumatano, 5 Machi

Shahidi amepatikana. Jirani Kalervo! Kijiji kizima kinamwamini kwa sababu hasemi. Nilimweleza mpango wote tukiwa sauna, chumba chetu cha kuoga mvuke. Akamwagia mawe ya moto maji. Amekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Tulianza vizuri mno. Kwenye kona ya ziwani, dereva wa gari la kuondoa theluji alikuwa anakosea kazi. Nikaegesha, nikashuka kumwelimisha. Huku nyuma Kalervo akaona baridi, akabonyeza kitufe chekundu akidhani kinaleta joto. Mama wa kituo cha dharura akauliza kwenye spika: uko salama? Umeumia? Kalervo hana mazoea ya kuongea na wanawake asiowajua. Akatulia. Na utaratibu ni mzuri kabisa, nimeueleza mara nyingi kwenye kahawa ya kanisani: asiyejibu huhesabiwa amezimia.

Ikaja ambulensi. Likaja gari la zimamoto la wanakijiji wa kujitolea. Aliyeruka chini na kofia yake ya chuma: Outi!

Akamuuliza Kalervo, mzee wangu, mbona hukujibu? Kalervo akasema hakutaka kumkatiza, mama wa watu alikuwa anaongea vizuri.

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Na hakuna hata moja lililosifu uendeshaji wangu!

Jumapili, 9 Machi

Funguo zimekwenda. Outi amempa Kalervo, awe ananipeleka dukani. Eti huyu angalau hashuki njiani kufundisha watu.

Sina kinyongo. Kosa nimeliona: shahidi hakuandaliwa. Kesho Kalervo atanipeleka kwenye kona ileile. Nitabonyeza kitufe mwenyewe, naye ajibu kwa sauti, tena na tena, mpaka azoee. Mama wa kituo atafurahi sana kusikia kwamba mgonjwa wake amepona.