Furushi Nililolichemsha kwa Mikono Yangu

Rehema na Stella wenzangu, leo yamenikuta.

Nawaandikia sasa hivi, jua halijazama, kabla Hadija hajawafikishia habari kwa mdomo wake. (Ana shangazi huko Dar. Huyo shangazi ana mdomo kumshinda Hadija mwenyewe.) Nimejificha nyuma ya stoo ya mashuka, kofia nimeivua, na bado kila anayepita ananichungulia anacheka. Hata mpishi! Sasa mpishi na thieta wapi na wapi?

Ngojeni nianze mwanzo.

Mnajua huku Mtwara hatuna daktari bingwa wa mifupa. Anakuja kwa ndege siku moja, anawapasua waliosubiri miezi, jioni anaondoka. Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Na safari hii alikuja na jambo la pili: kuchagua nesi mmoja wa thieta aende huko kwenu kusomea upasuaji wa mifupa mwaka mzima. Mmoja tu! Matroni akaninong'oneza, "Zuhura, jina lako nimelitaja. Usiniangushe."

Basi mimi huyo, wiki nzima silali. Nikiosha vyombo nataja mifupa. Nikipanga foleni ya sukari nataja mifupa. Kifundo cha mkono minane, uti wa mgongo shingoni saba. Jirani yangu akamuuliza mama kama nimechezewa.

Mgonjwa wa kwanza leo alikuwa Mzee Nantanga, fundi wa kuchonga vinyago kutoka upande wa Nanyamba. Gogo la mpingo lilimbiringikia likamvunja mfupa wa muundi. Miezi mitano kwenye plasta, mfupa umekataa kuunga. Ncha mbili zinatazamana tu kama wake wenza waliogombana. Dawa yake ni kuzichonga hizo ncha mpaka zitoe damu, kuchukua vipande vya mfupa wa nyonga yake mwenyewe na kuvijaza katikati, halafu kubana chuma kwa skrubu. Chuma, skrubu na keke ya kutobolea Daktari huja navyo kwenye sanduku lake. Patasi za mfupa na nyundo ni zetu. Hospitali nzima tuna seti moja, na mtunzaji wake ni mimi.

Sasa Mzee Nantanga ana tatizo moja: hawezi kukaa mikono mitupu. Mtu kalazwa, anachonga! Mkewe kamletea zana zake zote, basi tangu alfajiri ni ko-ko-ko mpaka magharibi. Vumbi la mpingo linaingia kwenye uji wa kitanda cha pili. Jana nikachoka. Nikamwendea nimejishika kiuno.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wodi hii siyo karakana. Lete hizo zana, na hicho kinyago."

"Mwanangu, subiri kidogo. Huyu bado sikio moja."

"Atasikia kwa hilo alilo nalo. Lete!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikatoka shingo juu. (Wenzangu, nikiwa na akili siku moja nitajifunza kunyamaza.)

Zile zana nikazifunga pamoja na kinyago chake kwenye marekani ya thieta, kitambaa ndani ya kitambaa, maana nguo nyingine haikuwapo. Nikaziweka kwenye rafu ya chumba cha kuchemshia vifaa, bega kwa bega na seti yangu ya mifupa, ambayo nayo imefungwa marekani. Na fundo ni lile lile langu, mnalikumbuka, lile ambalo mwalimu wetu alikuwa akiita darasa zima waje walitazame. Plasta ya kuandikia majina imekwisha tangu mwezi uliopita. Nikasema haina haja. Nani hamjui mtoto wake?

Leo asubuhi mapema Bi Somoe, mkewe Mzee, akaja na chai ya mumewe. Nikamkabidhi furushi. "Zana za mzee hizi. Zipandishe lori la kijiji zirudi nyumbani, nisizione tena hapa." Akajitwisha, akaenda zake bila neno. Furushi lililobaki nikalibeba kulipeleka kwenye mtungi wa mvuke.

Hadija, mwenzangu wa thieta, akasema, "Dada, tulifungue kwanza tuhesabu."

Ndiyo sheria, hata ninyi mnaijua. Kabla ya kuchemsha unafungua, unahesabu. Mimi nikamjibu nini? "Hadija, seti hii mimi naijua kwa uzito." Nikalipima mkononi hivi, nikalitumbukiza. (Kwa uzito, jamani! Ndiyo nimekuwa muuza samaki!)

Saa nne Daktari akaingia. Mrefu, mkavu, hacheki. Wanasema hajawahi kumsifu mtu tangu aanze kazi. Akanitazama.

"Ndugu muuguzi, muundi una mifupa mingapi?"

"Miwili, Daktari!"

"Upi unabeba uzito wa mwili?"

"Mkubwa, wa upande wa ndani! Ule mwembamba wa nje kazi yake ni misuli na kukibana kifundo cha mguu!"

"Vizuri."

Vizuri! Moyo wangu ukacheza ngoma. Nikaona kabisa nimeshafika Dar, nimeshika daftari jipya, tunakwenda wote watatu kula ndizi za kuchoma.

Mzee akachomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, kuanzia kiunoni kwenda juu maneno tele. Tukamsimamishia shuka kifuani kama pazia asione kazi. Nikanawa, nikavaa glavu. Hadija akafungua fundo na kitambaa cha nje, mimi nikafungua cha ndani. Utaratibu wetu, mwenye glavu anataja kifaa, mwenzake anaandika ubaoni. Na mimi nikasema leo Daktari atajua Mtwara kuna watu. Sikutazama meza hata kidogo. Nilimtazama yeye, nikataja kwa kichwa, sauti imejaa.

"Nyundo ya mfupa, moja!"

Chaki ikaandika.

"Patasi za mfupa, nne!"

Chaki kimya.

"Hadija, andika. Nne."

"Dada..."

"Andika!"

"Dada, mimi naona saba. Na tezo."

Nikatazama chini.

Toba! Patasi saba zenye mipini ya mti. Tezo. Nyundo ya gogo. Na katikati yao amekaa shetani mweusi wa mpingo, macho yamemtoka, meno matatu, ulimi mpaka kitovuni, sikio moja. Msafi, kachemshwa kwa kanuni zote, ananitazama mimi!

Daktari akainama. "Ndugu muuguzi. Hicho ni kifaa gani?"

Wiki nzima ya kutaja mifupa ikanitoka yote. "Ni... ni cha mgonjwa, Daktari."

"Cha sehemu gani ya mgonjwa?"

Nyuma ya pazia sauti ikauliza, "Kina sikio moja?"

"Ndiyo, Mzee," Hadija akajibu, mchongezi huyo.

"Huyo wangu! Nesi! Jana umeninyang'anya, leo umempika?"

Hadija akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi sikuwa na nafasi ya kuona haya, maana ndipo nilipokumbuka seti ya hospitali iko wapi. Iko kichwani kwa Bi Somoe! Hadija akatoka mbio, akarudi anahema. Lori la kijiji limeshaondoka.

Wenzangu, hapo utani uliniisha. Ganzi ya mgongo haisubiri mtu, ni kama masaa mawili tu. Ndege ya Daktari ni jioni. Akiondoka, mpaka arudi ni miezi, na Mzee wa watu atakaa na mguu usiobeba hata ndoo ya maji. Kwa sababu ya nani? Machozi yakaingia kwenye barakoa.

"Daktari, kosa ni langu," nikasema. "Hadija aliniambia tuhesabu, nikakataa. Seti nimeitoa mwenyewe, kwa mkono huu."

Daktari akasogea mezani. Akachukua patasi moja, akaielekeza kwenye taa, akaigeuza taratibu.

"Nani amenoa hii?"

"Mimi," pazia likajibu.

"Kwa nini inakata namna hii?"

"Jiwe la mtoni, mafuta ya nazi, na kutokuwa na haraka."

Daktari akanigeukia. "Zimekaa kwenye mvuke muda kamili?"

"Kamili, Daktari. Hilo naapa kwa Mwenyezi Mungu." (Kuchemsha naweza. Ninachochemsha ndiyo shida.)

Akasogea upande wa kichwa cha mgonjwa. "Mzee, vyuma vya kufungia mfupa ninavyo. Vya kuchongea sina. Zana zako ni safi. Unaniruhusu nizitumie kwenye mguu wako mwenyewe?"

 

"Tumia, Ndugu Daktari. Lakini yule nesi asizishike."

"Mzee, yeye ndiye wa kunipa."

"Basi akupe kwa mpini. Na asigonganishe makali. Namsikia toka hapa!"

Tukaanza. Mimi napokeza patasi kwa mpini, nimeinamisha macho kama bi harusi. Daktari akachukua nyundo ya gogo. Ko... ko...

"Daktari," pazia likasema, "unagonga kwa woga."

Nikafumba macho. Mtu ambaye matroni mwenyewe anamwogopa!

"Mfupa wako mgumu, Mzee."

"Mgumu kama nini?"

"Kama mpingo."

"Basi ilaze patasi. Ukiisimamisha utaupasua. Ilaze, kisha kidogo kidogo."

Na Daktari akailaza! Wallahi nimeona kwa macho yangu mawili. Ko-ko-ko-ko, kipande kikatoka chembamba, safi. Mzee akasikiliza, akasema, "Eeh, hapo sawa." Kwenye nyonga vilevile: "Hapo sauti imebadilika, umefika kwenye ulaini, pole pole." Na kweli ndani ya nyonga mfupa ni laini, ndio huo tulioutaka. Mimi niliukariri kwenye daftari, Mzee kaujua kwa sikio.

Zile ncha mbili zikaanza kutoa damu. Sijawahi kufurahi kuona damu namna ile, nusura nipige vigelegele. Vipande vikajazwa, chuma kikalala, skrubu sita zikaingia. Nikamwona Daktari macho yamefinyika juu ya barakoa. Alikuwa anacheka! Hadija ni shahidi.

Kumbukeni lakini, kabla ya kushona lazima tuhesabu tena. Sheria haina mjomba.

"Nyundo ya gogo, moja," nikasema. "Patasi, saba. Tezo, moja. Na..."

"Na nini?" Daktari akauliza.

"Na hicho kingine."

"Ndugu muuguzi, vifaa vinatajwa kwa jina, kwa sauti."

Madirisha ya thieta yako wazi kwa joto. Nje wamejaa ndugu wa wagonjwa.

"Shetani, mmoja," nikasema.

"Hadija hakusikia," Daktari akasema.

"SHETANI MMOJA!"

Nje watu wakaitikia "Audhubillahi!" kwa pamoja.

Saa nane nani anaingia? Bi Somoe, jasho tele, furushi kichwani. Lori lilipata pancha njiani, akalifungua furushi kutafuta kisu cha kumenyea embe, akarudi kwa miguu. Akalitua mbele yangu, mbele ya wodi nzima. "Nesi, tangu lini mume wangu ana zana za kung'aa? Nimetembea na jua hili kwa ajili yako. Lete maji."

Nikaleta maji. Nikaleta na kiti. Nikampepea.

Mzee keshazinduka mguu, keshaketi, zana zake kazipata. Anachonga tena. Sikumkataza, ningeanzia wapi? Nikapita kumpima presha nikaona yule shetani keshapata sikio la pili, na juu ya kichwa sasa ana kofia. Kofia ya nesi. Wagonjwa wa wodi zote wanakuja na magongo yao kutazama.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege Daktari akaniita ofisini kwa matroni. Nikaingia nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, na moyoni nimeshamwachia Hadija ile nafasi, na kwa haki kabisa. Daktari alikuwa anaandika.

"Jina lako la pili?"

"La nini, Daktari?"

"La fomu ya masomo. Unakwenda wewe."

Nikashika ukingo wa meza. Mimi! Nikaanza kushukuru, nikawashukuru na wazazi wake, mpaka matroni akanigusa nikome. Nikasema kumbe ameona juhudi zangu, ameona nilivyojua mifupa miwili ya muundi, ameona ukweli niliousema. Nikamwomba niisome fomu kwa macho yangu, niwahadithie nyumbani.

Akanigeuzia. Mahali paliposema sababu za kuchaguliwa alikuwa ameandika mstari mmoja, mwandiko mzuri sana:

"Hakuna katika hospitali hii anayehitaji mafunzo kuliko yeye."

Na matroni akapiga muhuri.

Nakuja kwa meli ya mwezi ujao. Nawaletea korosho za kubangua, debe zima, na nitakayemkuta anacheka pale bandarini hali hata moja.

Zuhura