Kiwanja Kilichochemka

Profesa alikanyaga chuo kikuu mara moja tu maishani, alipokwenda kuuza kalamu zisizoandika. Lakini koti jeupe alikuwa nalo, na miwani ya vioo vitupu, na gari dogo jekundu alilolipenda kuliko mashemeji zake wote wakijumlishwa. Alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa shavuni, kinyozi alipomwinamia sikioni.

"Kile kiwanja kitupu cha Mama Cherehani, yule fundi wa nguo, kinatafutwa na watu wa duka kubwa. Na mwenyewe hana habari, maskini."

Profesa akaruka kitini na ndevu za upande mmoja, akapitia nyumbani kuchukua koti.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umeleta suruali?" Mama Cherehani alilitazama shavu lenye ndevu, kisha lile lililonyolewa, akatabasamu peke yake.

"Nimekuja kukuokoa. Mimi ni mtafiti wa uchafuzi wa mazingira."

Kiwanjani Profesa alichota udongo, akautia kwenye chupa aliyokwisha kuweka magadi chini, akakamulia ndimu. Povu likapanda likamwagika hadi kwenye mkono wa koti.

"Mama wee!" Mama Cherehani alijishika kifua. "Ni sumu hiyo?"

"Sumu? Hilo ni bomu! Kiwanja hiki hata bure hakichukuliki. Lakini mimi, kwa mapenzi ya sayansi, naweza kujitolea kukinunua na kuiponya ardhi yake."

Mama Cherehani alilia machozi mawili, moja kila jicho, kwa vipimo vya fundi. Kisha akaligeukia gari jekundu. "Magoti yananisumbua siku hizi. Nipe hilo, tubadilishane."

Profesa roho ikamuuma kweli, kwa sababu hakuwa na kingine duniani. Alifumba macho, akaliona duka kubwa, akatoa funguo.

"Ila niandikie," alisema mama. "Mimi mjane, kesho watasema nimekubambikia. Andika kwamba umepima, umeona sumu, na umekichukua ukijua."

Kuombwa uprofesa kulimlevya. Aliandika kurasa tatu. Alitia madini ya risasi, akatia zebaki, akatia na neno moja refu ambalo mwenyewe hakuweza kulitamka, akapiga muhuri aliouchonga kwa soli ya kandambili. Wiki hiyohiyo hati ya kiwanja ikasoma jina lake.

Jumatatu alisimama kiwanjani akiwangoja wenye duka. Akaja bwana mmoja na faili.

"Wewe ndiye mwenye kiwanja?"

"Ndiye! Na bei yangu haishuki!"

"Mimi ni afisa mazingira. Marehemu mume wa Mama Cherehani aliyeyusha betri hapa miaka ishirini. Udongo wote uchimbwe kimo cha mtu, upelekwe kwenye shimo la taka za sumu, uletwe mpya, ipandwe miti. Kazi hiyo ni ya mwenye kiwanja, kama alinunua akijua."

"Nijue wapi mimi? Nimetapeliwa!"

Afisa akatoa kurasa tatu. "Ulijua, na umeandika vizuri sana. Ofisi nzima tumezisoma. Sisi tulipata risasi tu. Zebaki umeigundua wewe, kwa hiyo utaiondoa na hiyo."

"Uongo mtupu! Yale mapovu yalikuwa magadi na ndimu!"

"Ala! Kwa hiyo na muhuri umeghushi?"

Profesa alivua miwani yake. Kisha akauliza kwa adabu jembe linauzwa wapi.

Siku ya nne, akiwa amezama shimoni hadi magotini, alisikia honi aliyoijua kama sauti ya mtoto wake. Gari jekundu lilipita taratibu, Mama Cherehani kwenye usukani, na kando yake kinyozi. Kinyozi huyo ndiye aliyemwoa binti wa Mama Cherehani. Mtaa mzima ulilijua hilo, ila Profesa siku ile alikuwa na haraka.

"Vaa barakoa, mwanangu!" Mama Cherehani alimpigia kelele dirishani. "Hiyo sumu ni ya kweli!"

Kinyozi akapunga mkono. "Na ule upande wa pili wa ndevu bado unanidai, kaka! Ukimaliza kuchimba, njoo!"