Vizibo Kushoto, Godoro Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Mama Duka, yule mwenye duka kubwa la viatu, anatafuta fundi wa viatu vya kike vya soli ya kabari: nene kisiginoni, nyembamba vidoleni. Sharti soli iwe ya gome lile la vizibo vya chupa. Anasema mti wake haukatwi, unavuliwa gome tu, nalo linaota tena. Atakuja Jumamosi aone jozi moja. Ikimpendeza, oda ya msimu mzima ni yangu. Nikishindwa, narudi kubeba saruji kwa shemeji. Nimemwambia stoo yangu imejaa gome. Sina hata kipande. Namshukuru Mungu kwa ulimi alionipa.

Jumatano, 5 Machi
Mhudumu wa hoteli kanipa mfuko wa vizibo vya mvinyo. Mungu ambariki, yeye na watoto wake! Nikavigandisha kwa gundi, nikachonga, nikapiga msasa. Kiatu cha kushoto safi kabisa. Kisha mfuko ukaisha. Fundi wa ng'ambo ya barabara kachungulia, akauliza kama nimefungua baa. Kijicho tu.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali! Chumba cha wageni kina godoro la sponji. Nimekata kona moja, upande wa miguuni. Nikaipaka gundi, nikaiviringisha kwenye unga wa vizibo uliobaki. Nani atajua? Mama mkwe, mgeni wetu, ndiye mwenye mguu wa saizi ya jozi hii. Nikamwomba avae Jumamosi. Akasema mkwe wake akifanikiwa, na yeye kafanikiwa. Machozi yalinitoka. Analalia godoro hilo hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Jua kali. Vizibo vikapata joto, mvinyo ukaanza kunukia. Kila hatua, mguu wa kulia unazama. Mama mkwe, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, akafika mbele ya Mama Duka anapepesuka na kunuka mvinyo! Fundi wa ng'ambo alikaa chini kwa kicheko. Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe akavua viatu, akaviweka mezani. Akasema cha kushoto ni chepesi, hakijambana, angeenda nacho sokoni na kurudi. Cha kulia ni godoro, analijua, vidole vyake vimening'inia siku mbili. Mkwe wake ni mwongo, lakini akipata vizibo vya kutosha ni fundi. Mama Duka alicheka hadi akafuta macho. Oda nimepewa! Ila vizibo vichemshwe kwanza, na miguu yote miwili ipate. Hata fundi wa ng'ambo kaniazima sufuria. Watu wana utu jamani.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala nikishukuru, nimeamka nikishukuru. Mama mkwe kaniokoa, nami si mtu wa kusahau fadhila. Anaondoka kesho kutwa. Namtengenezea jozi yake mwenyewe, zawadi. Cha kushoto tayari, kinapendeza! Vizibo vimeisha tena, na mhudumu anasema nisubiri hadi Jumatano. Sina wasiwasi. Godoro bado lina kona tatu.