Chemchemi Yangu Chini ya Tuta

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata chemchemi. Iko chini ya tuta la bwawa, upande usio na maji, pale ambapo nyasi zimebaki kijani kiangazi chote. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshika ufuo mzima kwa mitumbwi yake ya kukodisha. Wanaokuja kupumzika wote ni wageni wake. Mimi, tangu nihamie huku na sanduku moja, sijawahi kuwa na mahali ambapo mtu angesema: twendeni kwa mzee. Sasa ninapo.

Jumanne, 4 Juni
Nimechimba kidogo ili maji yatoke kwa heshima. Yametii. Nimepeleka benchi la sebuleni. Mke wangu kauliza wageni wa nyumbani watakalia nini. Nimemwambia watakuja huku huku.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kapita. Kasema, "Mzee, hiyo si chemchemi. Ni bwawa linavuja."
Wivu tu. Nimechimba zaidi. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Bila shaka ni madini.

Alhamisi, 6 Juni
Kaja mhandisi wa bwawa. Nimemkaribisha kwenye benchi, hakukaa. Kauliza nani kachimba. Nimekiri kwa unyenyekevu. Kasema maji yakitoka na udongo, ujue tuta lenyewe ndilo linaondoka, na kwamba ningeendelea, ningeletewa bwawa zima mpaka mlangoni. Kafungua vali ya kutolea maji bwawani, maji yanashushwa. Mitumbwi ya shemeji imelala ubavu kwenye matope.

Jumamosi, 8 Juni
Kikao cha familia. Nimeomba radhi. Mke wangu alinikanyaga mguu mpaka nikamaliza. Chemchemi imefukiwa kwa changarawe. Niliitazama kwa mbali, kama nilivyotazama nyumba yetu ya zamani siku niliyohama. Sikula vizuri.

Jumapili, 16 Juni
Tuta limepona. Na katikati ya bwawa tupu kumejitokeza kilima, kikavu, chenye mandhari nzuri pande zote. Nimeulizia, hakina mwenyewe. Benchi limeshafika, na ua wa kukizunguka nimeanza kupanda. Mhandisi kanijia, akasema polepole, kama anayezungumza na kiziwi, kwamba kesho anafunga vali.
Nimemwambia afunge kwa amani. Karibu na tuta lake sisogei tena.