Hugues Arudishiwe Miaka Yake Munane Mbele ya Harusi ya Posho

Nguba, Bukavu, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Kwa Muheshimiwa Katibu wa Timu ya Taifa ya Vijana,

Siku ya yenga, jumapili tarehe 5, dakika ya 89, timu yenu ilipoteza mechi ya saba mfululizo. Siku nane baadaye, saa nne ya asubuhi, binti yangu Colombe alipoteza bwana kwa bureau ya état civil, kwenye wanaandika ndoa. Hasara hizi mbili zimezaliwa na karatasi moja, nayo inatoka kwenu. Mimi nilianza na beseni ya samaki sambaza, leo niko na depot ya viazi Kavumu. Hesabu hainidanganyi. Kwa heshima yote, tuhesabu pamoja.

1. Hugues, muchumba wa Colombe, iko beki wenu wa kuume. Alizaliwa Muhumba mwaka 2000, mwezi mmoja na mutoto wangu Jean-Claude. Jean-Claude iko na watoto watatu na kipara. Hugues, kwa passeport yenye mulimupatia, iko na miaka 16. Bwana wa état civil aliangalia passeport, akaangalia ndevu, akarudi kwa passeport. Akaniambia: « Maman, huyu mutoto bado. Mumurudishe akikomaa. » Hugues akajibu « Ndiyo, papa » kwa sauti yenye ilitingisha madirisha.

2. Wale vijana wako fiancés tangu miaka mitatu. Kwa hesabu yenu, Colombe alichumbiwa na mutoto wa miaka 13. Jirani yangu Charlène ameshaanza kusema, mbele ya kanisa, eti binti yangu anawinda watoto wa catéchisme.

3. Papa ya Hugues, marehemu Edouard, tulimuzika mwaka 2005. Karatasi yenu inasema Hugues alizaliwa 2008. Muheshimiwa, mama yake, Maman Micheline, ni mujane wa heshima, anaimba kwa chorale. Hiyo mimba ya miaka mitatu muliitoa wapi?

4. Ningenyamaza kama mungekuwa munashinda. Wachezaji kumi na moja, kwa karatasi, wanafanya jumla ya miaka 176. Kama kila mutu amekatwa sawa na Hugues, ukweli ni 264. Mumekula miaka 88! Na mumeleta nini? Mechi saba, kushindwa saba, goli 19 zimeingia, moja tumefunga, na hiyo moja alijifunga beki wa wageni kwa huruma. Wenye wanatupiga ni watoto wa kweli, wangali na chunusi. Dakika ya sitini wao wanakimbia, wa kwetu wameshika magoti kama wazee wenye kutoka misa ndefu ya pasaka. Kama ni kupoteza, si tungepoteza na watoto? Walau wangekuwa na kesho.

5. Ng'ombe mbili za mahari ziko kwangu. Moja imeshazaa. Padiri ametangaza ndoa mara tatu, na hawezi kubariki kabla ya état civil kuandika. Harusi ni posho, jumamosi tarehe 25.

Kwa hiyo ninaomba Hugues arudishiwe miaka yake munane. Kama imeshatumika, basi mutukate sisi wote kwa usawa: Colombe arudie 14, mimi 39, marehemu Edouard afufuke, na ndama irudie tumboni. Tutangoja wote pamoja miaka miwili, bila mutu kuzeeka.

Pokea heshima yenye imenibakia. Salimia kocha, salimia daktari wa timu. Na yule golikipa wenu wa miaka 15, umuambie watoto wake wanne wanamusalimia. Wa kwanza ameanza shule.

Constance M'Zagabe,
mama ya bibi-arusi

N.B. Ukifungua dossier ya Hugues, utakuta jugement ya tribunal, hukumu yenye ilitengeneza huo mwaka 2008, na mashahidi wawili. Wa kwanza ni mimi. Niliapa kwamba nilimuona akizaliwa, mvua ikinyesha. Mvua ilikuwa ya kweli. Wakati ule watu wenu walituambia timu itashinda, Hugues atachukuliwa Ulaya, Colombe atamufuata, na mimi nitamufuata Colombe. Kwa hiyo guseni mwaka, jina langu muliache. Sitaki maelezo, sitaki commission. Uniandikie namba moja tu: Hugues iko na miaka mingapi? Ninangoja mpaka siku ya tano, ijumaa tarehe 24, saa sita ya muchana. Saa saba tunachinja ng'ombe ya harusi.