Kiingereza cha Kumwoza Kui

Jumatatu, 6 Juni 2005
Jumamosi watu wa Kangemi wanakuja kuzungumza mahari ya mjukuu wangu Kui. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii ya Riruta, kwa hivyo msemaji ni mimi. Nilidhani. Ndugu yangu mdogo Kinyanjui, karani mstaafu, ameambia familia kwamba baba ya kijana, Mzee Wesonga, alikuwa mwalimu na atataka Kiingereza. Mke wangu Wamucii akaafiki. Mimi nikapewa mbuzi wa kuchinja. Eti kwa sababu nilichinja Dagoretti maisha yangu yote. Sawa. Nimejiandikisha gumbaru pale kanisani, darasa la sisi wazee tuliotoroka shule.

Jumanne, 7 Juni
Madam Veronicah ni mdogo kuliko koti langu. Leo ametufunza kitu kinaitwa present perfect. Ni cha jambo ambalo limeshafanyika lakini bado liko mezani mbele yetu. Hakitaki kutajiwa siku. Ukisema jana, umeharibu. Hii ni lugha yangu kabisa. Nikatoa mfano: I have arrived. Ndungu, muuza makaa, akauliza nimefika saa ngapi. Nikamwambia hapa hakuna mambo ya saa. Madam akasema huyo mzee ameelewa.
Kuna nyingine, ya jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Nikasema: Kinyanjui has been disturbing me since 1951. Nikapigiwa makofi.

Jumatano, 8 Juni
Nimejaribu nyumbani. Nikamwambia Kinyanjui, I have seen you yesterday. Akacheka mpaka akamwaga chai. Akaniambia nishike kisu, maneno nimwachie yeye. Wamucii akajifanya anakohoa.
Wacha wacheke. Wesonga mwenyewe akinitaka mimi, nani atabisha?

Alhamisi, 9 Juni
Nimeenda Kangemi. Najua, upande wa msichana hauendi kwa kijana kabla hawajaja. Lakini mimi nilikuwa napita tu. Nikamwaga Kiingereza: I have come, I have been walking, I have sat. Wesonga akafurahi sana. Mkewe akaleta ugali na kuku, na firigisi nikawekewa mimi, kama mgeni wa heshima. Ningekataaje? Wesonga akauliza kama sisi ni watu wagumu. Nikamwambia, mdomo umejaa, kwamba watu wa Riruta ni laini, wakipewa chochote watashukuru. Akasema Jumamosi atanitaja mimi. Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumamosi, 11 Juni
Wamekuja. Mazungumzo yote yamekuwa ya Kiswahili. Kiingereza hakikuombwa hata kidogo. Wesonga akasema anamtambua msemaji mmoja tu, Mzee Haron. Nikasimama, nikavuta koti, nikakalia kiti cha msemaji. Kinyanjui akaganda kama uji wa jana.
Kisha Wesonga akaongeza kwamba yeye na mimi tulishamaliza. Nilikula firigisi kwake, nikasema tutachukua chochote. Basi wameleta chochote.
Wazee wetu wakanitoa kitini. Kinyanjui akakalia pale pale, akabishana mpaka jioni, akaokoa nusu ya mahari. Nimetozwa mbuzi. Kui alinifuata nyuma ya nyumba akilia, akaniuliza, "Guka, umeniuza kwa firigisi?" Nikamwambia hakuiona ilivyokuwa kubwa.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani nimeachiwa benchi zima. Vizuri, nimenyoosha miguu. Kosa ni lao. Wangenipa usemaji tangu Jumatatu, Kangemi ningefuata nini?
Baada ya ibada jirani yangu Thuo, ambaye jana alikuwa amesafiri, amenivuta kando. Binti yake anachumbiwa na watu wa Dagoretti, na hana msemaji. Nimemwambia ameshapata, ila asimwambie mtu, hasa Wamucii. Nimeulizia hao wakwe. Nasikia wana kondoo wanono na mama mkarimu. Kesho asubuhi naenda kuwasalimia. Chai ya hapa nyumbani sitakunywa, nisije nikashiba mapema.